Mgongo umenishinda, na mavyaa asema mazoezi haya ni aibu

SWALI

Dada, asalaam aleikum.

Mimi ni fundi cherehani, miaka 42, mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani hapa Tanga. Nashona madira, mabaibui na sare za shule. Desemba na Januari huwa silali, maana wazazi wote hukumbuka sare siku moja. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, niliirithi kwa marehemu mama, na huu ni mwaka wa 17 naikalia.

Miaka miwili sasa kiuno kinaniuma. Nikiamka asubuhi lazima nishike ukuta ndipo ninyooke. Nilikwenda hospitali nikapigwa picha, nikaambiwa mifupa haina tatizo, nikapewa dawa za maumivu, diklofenaki. Zilipokwisha nikawa najinunulia mwenyewe duka la dawa. Sasa nazinywa karibu kila siku, na tumbo limeanza kuniwaka moto.

Mwezi uliopita binti wa jirani yetu alirudi kutoka Muscat alikokuwa akifanya kazi saluni. Huko alijifunza mazoezi ya Pilates, ya taratibu, ya kukaza misuli ya tumbo na mgongo kwa kufuata pumzi, na sasa anatufundisha sisi wanawake wanne chumbani kwake, juu ya mikeka, mlango umefungwa, mara mbili kwa wiki. Hii ni wiki ya tatu. Dada, sitakudanganya: siku nikifanya, usiku nalala, na asubuhi ukuta siushiki.

Tatizo liko nyumbani. Mavyaa wangu tunaishi naye. Alinikuta nimelala chali, mguu mmoja juu, najaribu peke yangu. Akasema mwanamke mzima, mama wa watu, kunyanyua miguu vile ni aibu, na kwamba hizo ni ibada za watu tusizozijua. Akamwambia mwanawe. Mume wangu si mtu mbaya, ila naye aliniuliza, "Mbona tumbo liko vilevile?" Wifi yangu wa Dar ndiye akanimaliza kabisa: Pilates ya kweli ni ya kwenye mashine, studio, na bei ya darasa moja mimi nashonea dera zima. Anasema hiki tunachofanya mkekani ni mchezo wa watoto.

La mwisho sijamwambia mtu. Tangu nimzae kitinda mimba wangu, miaka 6 iliyopita, nikipiga chafya au nikicheka sana mkojo hunitoka kidogo. Kila siku nikienda kazini navaa pedi. Hata kusali nasali na wasiwasi. Je, mazoezi haya yatanisaidia au yataniharibu zaidi? Niendelee au niache?

Fundi wa Ngamiani, Tanga

JIBU

Waaleikum salaam, fundi. Usiache. Ila yapo ya kurekebisha, na lipo la kukupeleka hospitali, kwa hiyo nisome hadi chini.

Nianze na hilo uliloliweka mwisho kwa kuona haya. Mkojo kuponyoka ukipiga chafya ni jambo la misuli, na wanawake waliozaa walio nalo ni wengi mno. Wamo jirani zako, wamo wateja wako, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Chini kabisa ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Juu yake ndiko kibofu, mji wa mimba na utumbo vilikokaa. Wewe mtu wa pwani unakijua kitanda cha kamba, kile cha teremka tukaze: kamba zikilegea mlalaji anazama katikati. Uzazi mara tatu umezilegeza kamba zako. Zinakazwa, hata baada ya miaka 6.

Kazi yenyewe ni hii. Ukiwa umelala au umekaa, kaza kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, kisha vuta kwa juu, kwa ndani. Makalio yasibane, mapaja yasibane, pumzi isikatike. Hesabu polepole mpaka 5, achia kabisa, pumzika hesabu hizo hizo. Rudia mara 8 hadi 10, na ufanye hivyo mara 3 kwa siku. Kule kuachia kuna uzito sawa na kukaza, kwa sababu msuli usiopumzika nao huchoka na kuponyoka. Usiyafanye haya chooni katikati ya kukojoa kama wengine wanavyoshauri. Halafu jizoeze jambo moja dogo: ukihisi chafya inakuja, kaza kwanza ndipo upige. Jipe miezi 3 bila kukosa kabla ya kuhukumu. Hii ni tiba inayotambulika hospitalini, na ingetosha hata usingewahi kusikia neno Pilates. Pilates inaongeza kukufundisha kuitumia misuli hiyo mwili ukiwa kazini, wakati ndoo iko mkononi. Na ukiona kuna zoezi linalokutoa mkojo, hilo ni zito kwako kwa sasa. Liweke kando, utalirudia baadaye. Kuhusu udhu na swala, muulize bibi mwalimu wa madrasa unayemwamini. Hilo si langu, ila usiliogope peke yako.

Sasa hospitali. Diklofenaki ya kila siku kwa kujinunulia ndiyo inayonitia hofu zaidi katika barua yako nzima. Dawa za kundi hilo huchubua tumbo mpaka vidonda, huumiza figo na hupandisha presha, na tumbo lako limeshakuambia. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, nenda siku hiyo hiyo. Hata yasipotokea hayo, wiki hii mwone daktari, mweleze umezinywa kwa muda gani, na umtajie mkojo pia, maana mkojo unaochoma au wenye damu una matibabu yake. Omba uandikiwe kwenda fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Watu wengi wanadhani kitengo hicho ni cha waliovunjika miguu na waliopooza tu. Ni chako pia.

Na zipo dalili ambazo ukiziona, mkeka uache na usisubiri kesho: ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, kushindwa kukojoa au kushindwa kuzuia choo, mguu kuishiwa nguvu. Maumivu yakija pamoja na homa au kukonda bila sababu, hayo nayo ni ya daktari. Wasomaji wengine nao wasikie: mama ambaye mkojo unamtoka mfululizo, usiku na mchana, tangu uzazi mgumu, huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, na hiyo mazoezi hayaiwezi. Inatibiwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu kina mama hao bila malipo.

Nije kwa wifi yako. Pilates ni jina la mtu. Joseph Pilates alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Mönchengladbach, Ujerumani, na utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa, kifua kikimbana, akaanza kuutengeneza mwili wake kwa mazoezi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Uingereza. Kwa kuwa alikuwa Mjerumani akafungiwa kambini pamoja na maelfu ya wenzake, na mwishowe akapelekwa Knockaloe, katika kisiwa cha Man. Hapo hapakuwa na studio. Palikuwa na sakafu na wanaume waliofungwa, naye akawafanyisha mazoezi ili miili yao isioze kwa kukaa. Husimuliwa kwamba alifunga springi kwenye vitanda ili waliolala wagonjwa wapate kitu cha kuvuta, na kwamba ndiko wazo la mashine zake lilikoanzia. Baadaye, mwaka 1926, akahamia New York, akafungua chumba cha mazoezi na mwenzake Clara, na wacheza dansi wenye majeraha wakawa wanapelekwa kwake. Kitabu alichokitoa mwaka 1945 kina mazoezi 34, yote ya sakafuni. Mashine ni nzuri, na kwa mtu mwenye jeraha fulani husaidia kuubeba mwili. Lakini anayesema mkeka ni mchezo hajui kazi hii ilizaliwa wapi.

Wifi yako ana haki katika jambo moja tu, nalo ni kuuliza mwalimu amejifunza wapi. Mwaka 2000 mahakama ya New York iliamua kwamba Pilates ni jina la aina ya mazoezi, si mali ya mtu mmoja, kwa hiyo yeyote anaweza kuliandika mlangoni pake. Binti wa jirani simfahamu. Mpime hivi: anawauliza nani amefanyiwa upasuaji, nani ana mimba, nani ana presha? Anakusimamisha ukikosea? Anakupa zoezi jepesi unapomwambia hapa panauma, au anasema vumilia? Akisema vumilia, rudi nyumbani ufanye peke yako yale mepesi.

Mwambie pia akuangalie tumbo. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyanyua kichwa kidogo, mwenzako atazame katikati ya tumbo. Pakiinuka kama mgongo wa samaki, misuli ya mbele imeachana tangu ulipozaa. Si hatari, ila kwa sasa epuka mazoezi ya kuinuka kutoka chali kwa tumbo, na lile liitwalo Mia, la kunyanyua kichwa na miguu huku mikono ikipigapiga mpaka hesabu ya 100. Hata kama haijaachana, Mia lisubiri. Naona mitandaoni wanaanzia hapo, na shingo ndizo zinazolipa.

Kwako wewe ningependa dakika 12 kila alfajiri baada ya swala, mkeka ukiwa bado uko chini, kuliko saa nzima mara mbili kwa wiki. Darasa usiliache, lakini kiuno kinakuuma kila siku, kwa hiyo kihudumie kila siku. Mimi nilianza hivyo hivyo, mgongo uliposhindwa kunibeba baada ya miaka mingi ya kuinamia meza, na asubuhi niliyoruka naijua kabla ya adhuhuri.

Anza na pumzi. Chali, magoti juu, viganja ubavuni. Vuta kwa pua mpaka mbavu zisukume viganja pembeni. Toa kwa mdomo polepole, na unapotoa, sehemu iliyo chini ya kitovu iingie ndani bila mgongo kujipinda. Mara 8. Usilidharau hili, kwa sababu yote yanayofuata ni hili hili na kiungo kingine kimeongezwa.

Kisha daraja, na hapa ukae sana maana ndilo zoezi lako. Toa pumzi, kunja nyonga kidogo mpaka kiuno kiguse mkeka, halafu uinue mgongo pingili moja moja kama unavyofumua mshono: mkia kwanza, kiuno, mbavu, mpaka ubaki umelalia mabega. Vuta pumzi huko juu. Toa, ushuke vile vile, mbavu zitangulie, mkia uwe wa mwisho kugusa. Mwanzoni utakuta kipande cha kiuno kinashuka kwa pamoja kama ubao. Hapo ndipo palipokakamaa. Punguza mwendo ukifika hapo, na baada ya wiki kadhaa utasikia pingili zinaachana. Mara 6 za taratibu zinatosha.

Baada yake piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, mgongo usitikisike, badilisha. Malizia kwa kulala ubavu na kunyanyua mguu wa juu, mara 10 kila upande, kwa ajili ya misuli ya pembeni ya nyonga ambayo mtu wa kukaa siku nzima huisahau.

Lakini dakika 12 haziwezi kushindana na saa 10 za cherehani. Hapa ndipo mazoezi haya yana maana kwa mtu wa kazi, pale yanapotoka mkekani. Kesho kabla hujakanyaga, tazama kiti. Mafundi wengi hukalia stuli iliyo chini mno, wakaifuata sindano kwa shingo. Kipandishe kwa mto mgumu mpaka nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, kisogeze karibu, usogelee kitambaa kwa kuinama kutoka nyongani. Unalijua hilo tayari: rukuu iliyotulia mgongo umenyooka, unakunjika nyongani. Siifananishi ibada na mazoezi, nakuonyesha tu kwamba mwili wako unaujua mkunjo huo. Taa nayo isogee, kwa maana shingo huinama kutafuta mwanga. Kila unapomaliza kipande, simama, viganja kiunoni, jinyooshe nyuma mara 3. Ndoo ya maji iwe karibu na mwili, utoe pumzi wakati wa kuinua, sio kuibana. Wakati wa pasi, pandisha mguu mmoja juu ya tofali, ubadilishe. Kwenye mbuzi ya nazi, kunja kutoka nyongani vile vile.

Mumeo mjibu kwa ukweli. Pilates si mazoezi ya kupunguza mwili. Tumbo huweza kukaa vizuri zaidi kwa sababu misuli ya ndani imejikaza na umesimama wima, lakini mafuta hupungua kwa chakula na mwendo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kumtoa jasho kila wiki, na siku 2 za kukaza misuli. Mkeka unakupa hizo siku 2. Dakika 150 tembeeni pamoja jioni mpaka baharini na kurudi, kama atakubali. Nawe usimwahidi makubwa: tafiti zilizochambuliwa kwa pamoja mwaka 2015 na wachunguzi wa Cochrane, kundi la kimataifa linalopima ushahidi wa tiba, zilionyesha kwamba kwa maumivu ya kiuno Pilates inasaidia kuliko kukaa bila kufanya kitu, ila haikuthibitika kuzidi mazoezi mengine. Mimi hilo halinivunji moyo. Zoezi linalofaa ni lile utakalokuwa unalifanya mwakani, na wewe umelipenda hili, wanawake wanne mlango umefungwa. Usilibadilishe kwa kitu usichokipenda.

Amebaki mavyaa. Ibada hakuna humo: hakuna dua, hakuna neno la kurudia, hakuna wa kuelekewa. Kuhusu miguu, vaa suruali pana chini ya dera, ufunge mlango wa chumba chako. Haya yake ni ya malezi, iheshimu, usibishane nayo sebuleni mbele ya watoto. Na usimfundishe, maana hakuna mama atakayefundishwa mwili na mke wa mwanawe. Mwulize. Siku mmekaa wawili, mwulize alifungwaje mkaja alipomzaa mumeo: nani alimfunga, kwa kitambaa gani, siku ngapi, alijisikiaje ulipofunguliwa. Mwache asimulie mpaka mwisho. Halafu mwambie kuna mkaja mwingine tuliozaliwa nao, msuli unaozunguka tumbo lote kutoka kiunoni kuja mbele, na huo ndio unaoutafuta pale mkekani. Lala, mwombe aweke kiganja chake chini ya kitovu chako, kisha utoe pumzi polepole ausikie ukijifunga.